Mgeni Njoo, Dereva Apone

Ukienda uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa saa ambayo ndege kubwa ya kutoka Ulaya imetua, utawakuta wanaume wamepanga safu nyuma ya chuma cha kuzuia watu. Mashati ni meupe au ya maua, viatu vimepigwa rangi, na kila mmoja ameshika kibao kifuani. Kwenye kibao pameandikwa jina la hoteli, na mara nyingine jina la mtu ambaye mwenye kibao hajapata kumwona. Hao ndio madereva wa magari ya hoteli. Juma hili nimeamua kuzungumza juu yao.

Sababu ninayo. Habari za hoteli za pwani yetu zimeandikwa si haba: nani alinunua kiwanja, mwaka gani makuti yaliezekwa, mkubwa gani wa dunia alilala chumba gani. Lakini mgeni hakushuka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi kitandani. Kati ya gati na kitanda, na baadaye kati ya uwanja wa ndege na kitanda, palikuwa na njia, na njia hiyo ilikuwa na mtu wake. Ninavyoona mimi, hoteli zetu zilipopatwa na tabu kubwa, mara nyingi tabu ilikuwa njiani. Na mtu aliyeishika njia hiyo ndiye ambaye jina lake liliandikwa kwa penseli, ili likifutwa lisiache alama.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya magari ya mafuta kuenea, kisiwa cha Mombasa kilikuwa na usafiri wake wa ajabu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 palitandazwa reli nyembamba kutoka upande wa Mji wa Kale kwenda Kilindini, na juu ya reli hizo vilipita vigari vidogo vyenye kiti na kitambaa cha kukinga jua. Havikuwa na injini wala farasi. Vilisukumwa na watu, wawili au zaidi, wakikimbia nyuma. Wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa na vigari vyao wenyewe, na wasukumaji wao wakavishwa sare ili ijulikane ni watu wa nani. Msafiri aliyeshuka melini alipandishwa hapo na mizigo yake, akapelekwa alipokusudia kulala.

Huyo msukumaji wa kigari, kwa maoni yangu, ndiye babu wa dereva wa hoteli. Sare ya mwenye mali, mizigo ya mgeni, na kazi inayotegemea meli imefika au haikufika. Katika picha za enzi hizo nilizowahi kuziona, jina la aliyekaa kitini huwa limeandikwa chini. La anayesukuma, la hasha.

Bara nako mambo yalikuwa hayo hayo. Hoteli ya Norfolk ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1904, mji wenyewe ulikuwa bado mabanda ya mabati na matope, na wageni walitoka stesheni ya reli kwa vigari vya magurudumu mawili vilivyovutwa na watu. Motokaa zilikuja baadaye.

Hapa pwani, shida haikuwa matope. Shida ilikuwa maji. Mombasa ni kisiwa, na fukwe nzuri ziko ng'ambo, kaskazini na kusini. Mwaka 1931 lilijengwa daraja la kwanza la Nyali, daraja lililoelea juu ya maji, likipanda na kushuka kwa kufuata bahari, na kila aliyepita alilipa. Mwaka 1946 ikafunguliwa Nyali Beach Hotel. Waliokwenda Malindi walikuwa bado na kivuko cha Kilifi mbele yao, na kivuko hicho hakikupata daraja hadi mwaka 1991. Daraja jipya la Nyali, hili tunalolipita leo, lilifunguliwa 1980. Upande wa kusini haukupata daraja. Likoni ilikuwa na feri tangu 1937, na kwa muda wa miaka themanini na zaidi kila mgeni wa Diani, awe bwana harusi au balozi, alitegemea feri hiyo.

Nayasema haya ili uelewe kwamba kazi ya dereva wa hoteli hapa kwetu haikuwa kukanyaga mafuta tu. Ilikuwa kazi ya kuhesabu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliifanya kazi hiyo kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini kuanzia mwaka 1982. Kwa mshahara wake, na zaidi kwa bakshishi zake, mimi nilisoma. Nilipokuwa mdogo nikilala kwake wakati wa likizo, nilimsikia akiamka saa saba za usiku kwa ajili ya ndege ya kuondoka saa moja asubuhi. Mama mkubwa mmoja pale nyumbani alikuwa akimcheka: uwanja uko karibu hivyo, wewe unakwenda Nairobi? Lakini mjomba alikuwa na hesabu yake. Nusu saa ya kuwaamsha wageni wasiotaka kuamka. Nusu saa ya kufunga masanduku juu ya gari, kwa kamba, na turubai ikiwa kuna wingu. Kisha barabara hadi Likoni. Kisha feri, na feri aliipa saa moja na nusu hata kama mara nyingi ilichukua dakika ishirini. Kwa maana usiku zilifanya kazi feri chache, na ikiharibika moja, foleni inalala. Ndege ya kukodi haimngoji mtu. Mgeni akiachwa na ndege, meneja hatamuuliza nahodha wa feri.

Hiyo ndiyo elimu ambayo haifundishwi Chuo cha Utalii. Alijua kulipandisha gari kwenye feri bila kuwatikisa waliosinzia, kuliachia kwenye gia na kuvuta breki ya mkono, kisha kushuka na kuweka jiwe chini ya gurudumu. Jiwe hilo alitembea nalo chini ya kiti chake. Mwaka 2019 gari moja liliporudi nyuma kutoka kwenye feri hapo Likoni na kuzama na mama na mtoto wake, nchi nzima ikalia, na mimi nililikumbuka jiwe la mjomba.

Sasa tuulize, wageni wenyewe walikuja lini kwa wingi hivyo? Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtalii wa kawaida alishuka Nairobi, akachukuliwa na gari la kampuni ya Kenya, akavushwa mpaka kwenda kuona Serengeti, Ngorongoro na Manyara, kisha akarudishwa kuogelea pwani. Februari 4, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa ng'ambo yalizuiliwa huko huko, pamoja na ndege ndogo. Mpaka ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kila upande ulikuwa na malalamiko yake, na leo sitaki kuyafufua. Lakini matokeo kwa upande wetu yalikuwa wazi: mzunguko wa mtalii ukabaki ndani ya Kenya. Mara, Amboseli, Tsavo, kisha baharini. Wakati huo huo uwanja wetu wa ndege, ambao ulianza kama uwanja wa vita vya pili vya dunia huko Port Reitz, ukapanuliwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, na ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza zikawa zinatua Mombasa bila kupitia Nairobi.

Basi ndipo kazi ya gari la hoteli ilipopata heshima yake. Kombi za Volkswagen, halafu Nissan na Toyota. Kijana wa Ukunda, Msambweni au Kikambala aliyekuwa na leseni ya kubeba abiria na maneno mawili matatu ya Kijerumani alikuwa mtu mbele ya watu. Mjomba alizungumza Kijerumani cha masanduku: uzito wake, hesabu yake, yangu na yako. Sarufi hakuwa nayo, lakini hakuna sanduku lililopotea.

Lakini ngoja. Kulikuwa na neno moja ndani ya barua yake ya kazi, na neno hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Neno lenyewe ni msimu.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na wazee wetu walilitumia kwa pepo za bahari. Kaskazi ikivuma, majahazi yanakuja kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi ikishika, yanarudi. Hoteli zetu, bila kujua, zikaifuata kalenda ya majahazi. Wageni hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa na jua na bahari tulivu. Masika yakianguka Aprili na kusi ikaanza, vyumba hubaki vitupu hadi Julai. Baharia wa jahazi aliujua msimu kama mapenzi ya Mungu. Dereva wa hoteli aliujua kama karatasi. Kila mwisho wa Aprili mjomba alitia sahihi kwamba kazi yake imekwisha na hadai kitu. Kila Julai alitia sahihi nyingine kwamba ameajiriwa upya. Gari ni lile lile, funguo ni zile zile, hata jiwe ni lile lile. Mwenye hoteli alimwita mtu wa nyumbani. Karatasi ilimwita mgeni kila mwaka.

Hakulalamika. Msimu ukirudi, kuna ubaya gani? Tukafika mwaka 1997.

Usiku wa Agosti 13 mwaka huo, kundi la watu wenye silaha lilikivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likachukua bunduki. Siku zilizofuata vibanda na nyumba zilichomwa, watu wa kutoka bara wakawindwa na kufukuzwa. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Waliokufa walizidi mia moja, na maelfu kwa maelfu walikimbia makwao. Sikumbuki mgeni wa hoteli aliyeguswa katika siku hizo. Lakini angalia ilikotokea. Likoni. Njiani. Hoteli za Diani zilikuwa na chakula, maji na bahari yake ya buluu, na hakuna aliyetaka kupita penye feri kwenda kuzilalia. Mwishoni mwa mwaka ikaja mvua ya El Nino, ikakata hata barabara ya Nairobi.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Namkumbuka mjomba akitoka asubuhi na gari limejaa watu waliokuwa wakikatiza likizo, na kurudi jioni na gari tupu. Alifanya hivyo kwa siku kadhaa. Aliwaondoa wote, kwa usalama, hakukwaruza hata sanduku. Alipomaliza kuwaondoa, akaitwa ofisini. Akaambiwa msimu umekwisha mapema mwaka huu. Akadai malipo ya miaka kumi na mitano. Karani, mtu muungwana ambaye mjomba alimzoea, akafungua jalada akamwonyesha zile sahihi zake. Kwa hesabu ya jalada, mjomba alikuwa na mwezi mmoja na siku kadhaa kazini. Akalipwa hizo siku.

Hoteli hiyo siitaji, na sasa haipo. Mwajiri naye alikuwa na madeni ya benki, hilo nalijua. Lakini benki ilikuwa na karatasi nzuri kuliko ya mjomba.

Madereva waliobakia walirudi barabarani, na njia ikaendelea kuwa njia. Novemba 28, 2002, asubuhi, wageni kutoka Israel walikuwa ndio kwanza wamefika kutoka uwanjani hadi Paradise Hotel, Kikambala. Wacheza ngoma walikuwa wakiwakaribisha. Gari lililobeba bomu likaingia. Walikufa watu 13 mbali na washambuliaji, Wakenya 10 na Waisraeli 3, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wacheza ngoma. Wakati huo huo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Moi, yakakosa. Tazama tena, msikilizaji: uwanja wa ndege na mlango wa hoteli, mwanzo na mwisho wa safari ya dereva, kwa asubuhi moja. Waliosimama mlangoni kumlaki mgeni ndio walioanguka naye.

Nadhani mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mei 2014. Baada ya mashambulizi kadhaa Mombasa na Nairobi, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa jambo la lazima. Onyo hilo lilitaja eneo lake kwa makini: kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Uwanja wa ndege wa Moi haukuwemo. Diani haikuwemo. Yaani pa kutua ni salama, pa kulala ni salama. Pasipo salama ni katikati, kisiwani na Likoni, pale pale ambapo gari la hoteli hupita. Kampuni za Thomson na First Choice ziliwaondoa wateja wao kwa mamia katika muda wa siku chache na kufuta safari za Mombasa hadi Oktoba. Magari yalipakia masanduku kama kawaida. Kila dereva aliyekwenda uwanjani wiki ile alikuwa akijipeleka mwenyewe kwenye ukosefu wa kazi, abiria wakiwa nyuma, na huenda bakshishi ilikuwa nono kuliko siku zote.

Ya mwaka 2020 hayahitaji maneno mengi. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, zikarudi Agosti 1. Madereva wengi waliiona miezi ile juu ya pikipiki za kuazima.

Nitakuwa sijatenda haki nisipogusa sheria, kwa maana mnaniandikia barua mkiuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekuwa bora kuliko ile ya zamani. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, basi hahesabiwi tena kibarua. Anapata haki za mwenye mkataba. Kifungu cha 40 kinasema anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua apewe notisi, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Maneno mazuri. Lakini mkataba wa muda maalumu ni mnyama mwingine. Mahakama zetu mara nyingi zimeshikilia kwamba mkataba wa namna hiyo hufa wenyewe siku yake ikifika, wala kuurudia mara nyingi hakuufanyi uwe wa kudumu, isipokuwa mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alimpa sababu ya kutegemea kuendelea. Hivyo nawaambia vijana wa mashati ya maua: hifadhini kila barua. Ile ya Aprili na ile ya Julai. Msitie sahihi ya kutodai kitu kabla ya kuipeleka kwa ofisi ya chama cha wafanyakazi ikasomwa. Nanyi wenye hoteli, wengi wenu ni wasikilizaji wangu, mnajua fika kwamba dereva anayeifahamu njia hamumwokoti sokoni Julai.

Methali yetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeisema sana katika semina za utalii. Swali ambalo sijalisikia likiulizwa huko ni kama dereva ni mwenyeji.

Leo njia yenyewe imebadilika. Wengine huja kwa reli mpya, iliyoanza 2017, na hupokewa Miritini. Wengine hutua kwa ndege ndogo Ukunda na wako hotelini baada ya dakika kumi. Wengine huita teksi kwa simu na hawana haja ya kibao. Na barabara ya Dongo Kundu inamwezesha mtu kutoka uwanja wa Moi hadi pwani ya kusini bila kuiona feri.

Juzi nilikuwa na mgeni wangu wa kumpokea, nikampitia mjomba huko kusini anisindikize. Sasa ana miaka sabini na ushei. Ndege ilikuwa ya saa kumi jioni. Akaniambia tuondoke saa sita. Nikamwambia, mjomba, hatupiti Likoni siku hizi. Akasema anajua, tuondoke saa sita. Tukafika uwanjani mapema mno, nikakaa kwenye kivuli kusoma gazeti. Nilipoinua kichwa nikamwona amesimama nyuma ya kile chuma pamoja na madereva. Kijana mmoja alikuwa amemwamkia, shikamoo mzee, na mjomba alikuwa akimuuliza, marahaba, je, wewe ni wa kudumu au wa msimu?

"Wa msimu, mzee," kijana akajibu, akacheka. Kisha akamwomba amshikie kibao chake mara moja, akalisogeze gari karibu.